Kwaresma ya Mjomba Venance

Mbagala, 5 Februari 2026

Mpwa wangu Editha,

Marahaba, hata kama juzi kwenye simu hukuniamkia. Umesema mie nikipiga simu sipumui, nauliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe, kwa hiyo bora niandike. Haya, nimeandika. Barua nampa Fransis, huyu dereva wa kazini kwenu anayeletaga vifaranga hapa duka la pembejeo linalotazamana na banda langu la supu. Usije kusema sikusikilizi.

Sasa nieleze tena taratibu, kama unamweleza mgonjwa. Huli nyama. Hilo nimelisikia. Nikasema labda ni tumbo, nikakutumia kuku, kuku wa kienyeji, nimemkaanga mwenyewe. Mama yako ananiambia umemgawa. Nikauliza, kuku naye ana kosa gani? Dada Bernadeta ananijibu eti na mayai huli, maziwa hunywi, na dagaa umeacha. Dagaa, Editha. Kitu kidogo vile kimekukosea nini?

Nikakaa nikafikiri. Nikasema huyu mchumba wako Valerian kakuingiza Usabato. Nikampigia. Kaapa kwamba Jumapili yuko misa ya kwanza na akitoka hapo anapitia supu ya makongoro. Basi nikamwambia mama yako, itakuwa mimba. Kanikatia simu.

Wewe unajua mie ni nani. Kutoka Rangi Tatu mpaka Kongowe, harusi ikikosa ndafu ya Venance watu wanauliza kama ile ni harusi au kikao cha serikali ya mtaa. Wengine wanachoma mbuzi. Mie mbuzi wangu anasimama mezani mzima, majani mdomoni, anakutazama mpaka unamwamkia. Ile harusi ya Tandika, nilipomfunua tu, harufu ikavuka barabara, bibi harusi wa ukumbi wa jirani akaacha keki yake akaja kwetu na shela lake. Walimrudisha kwa nguvu. Na Yombo kulikuwa na mzee bubu toka utotoni. Nilimlisha kipande cha paja, akasema, "Ongeza." Sasa hivi ni mshenga.

Mtu kama huyo, mtoto pekee wa dada yake anaolewa tarehe kumi na nane Aprili, halafu anaambiwa kwenye simu: mjomba, ndafu hapana. Kwetu sie watu wa kusini mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba yako, Mungu amrehemu, alifariki hujaota meno ya pili. Nani alikushika mkono siku ya komunyo ya kwanza? Siku ya harusi unakata ndafu, unamlisha mumeo, unamlisha mama yako, halafu unakuja kwangu unanilisha kwa vidole vyako mbele za watu, na watu wanaelewa: huyu ndiye aliyemtoa. Bila hilo mie nakaa ukumbini kama nani? Kama mtu aliyeleta viti?

Bila ndafu, usinihesabu. Nimemaliza.

Mjomba wako,
Venance


Chanika, 10 Februari 2026

Mjomba, shikamoo.

Asante kwa kuandika. Naona hata kwenye barua hupumui, ila hapa angalau naweza kuiweka mezani nikaenda kufua kwanza.

Si Usabato. Si mimba. Si tumbo. Na si Valerian, yeye anakula kila kitu pamoja na kile ninachoacha mie. Kuku wako nilimpa Mama Kokushubila wa hapa jirani. Anashukuru, kasema chumvi ilizidi kidogo.

Nimeacha kula chochote kinachotoka kwa mnyama. Tangu Novemba. Siumwi. Nakula ugali, maharage, mbaazi, kisamvu cha nazi, mihogo, matunda. Simlazimishi mtu. Wageni wa harusi kamati imeshawapangia pilau la nyama, wale washibe. Ninachoomba ni kimoja: ndafu isiletwe mbele yangu, nisipewe kisu, nisilishe mtu nyama kwa mkono wangu. Nimekuomba hilo kwenye simu, nikakuomba tena, na kila nikikuomba unaniletea habari za bubu wa Yombo.

Unataka sababu. Sababu ninayo na sitaki kuisema, maana utacheka, na ukicheka kwa hili sitakusamehe haraka.

Tufanye hivi. Kwaresma inaanza Jumatano ijayo. Kila mwaka unatangaza kwamba unafunga, na kila mwaka mama anakukuta na nyama mdomoni, unasema unaonja. Mwaka huu funga kama ninavyokula mie. Nyama hakuna, samaki hakuna, yai hakuna, maziwa hakuna, mpaka Pasaka. Ukimaliza, ndafu ilete. Nitaikata, nitakulisha kwa vidole vyangu, na kwenye picha sitanuna. Ukishindwa, hakuna ndafu, na utakuja hivyo hivyo. Utavaa suti, utanishika mkono kuingia kanisani.

Hilo neno lako la "usinihesabu" ndilo linaloniuma. Mbuzi haniumi hivyo.

Editha


Mbagala, 13 Februari 2026

Mpwa wangu mbishi,

Nimekubali. Tena nimekubali hadharani. Asubuhi watu wana mabakuli mkononi, nikasimama nikatangaza. Bi Mwanakombo anayekaanga chapati hapa bandani ni shahidi, mzee Jaffar anayenichinjia mbuzi ni shahidi, na wa bodaboda wote.

Mzee Jaffar kasema, "Venance, wiki hutoboi." Nikamwambia mie mwaka wa njaa kule Newala nilikula maganda ya mihogo miezi mitatu, na bado nilimbeba ng'ombe begani nikavuka naye mto Ruvuma. Akaniuliza, kama njaa ilikuwepo, huyo ng'ombe mbona hukumla? Watu wakacheka. Mzee yule ana tabia ya kuharibu maongezi.

Kwa hiyo wewe andaa vidole. Mbuzi nimeshamwona, dume jeusi, ana ndevu kama katekista.

Na chumvi haikuzidi. Mwambie huyo Mama Kokushubila.

Venance


Mbagala, 26 Februari 2026

Editha,

Aliyeanzisha chakula hiki alikuwa na ugomvi na watu.

Siku ya kwanza nimeamka, nimemimina chai, nimepiga funda moja nakumbuka ni ya maziwa. Nikatema. Nikachukua andazi. Mwanakombo ananiambia andazi lina maziwa. Nikachukua chapati. Ananiambia kapaka samli. Nikamuuliza, wewe mwanamke, ndani ya nyumba hii kuna kitu hakijapita kwa ng'ombe? Akanionyesha maji. Mchana nikaenda kwa mama lishe nikaagiza kisamvu, majani matupu kwa macho yangu. Natafuna, nakuta dagaa. Wamejificha humo kama wahamiaji. Nikawatoa mmoja mmoja, nikala yaliyobaki. Kama ni kosa liandike, ila la kwao si langu.

Hilo dogo. Kazi yangu ni kuonja. Supu haina kipimo kingine, unachota, unaonja, unaongeza. Sasa siwezi. Nikamwambia Mwanakombo aonje. Mwezi mtukufu, kafunga. Mzee Jaffar kafunga. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresma zimeingia pamoja, Mbagala nzima hakuna ulimi ulio wazi. Juzi nimetia chumvi, nikasahau, nikatia tena. Dereva wa lori kapiga kijiko kimoja akaniuliza kama supu nimeichota Kigamboni ufukweni. Wengine wamehamia kwa yule kijana wa stendi, ambaye supu yake, nakuambia ukweli, ni maji yaliyosikia habari za ng'ombe.

Na njaa yenyewe si njaa. Hilo ndilo linanitia hasira. Tumbo limejaa, mdomo ndio unalalamika. Kinachonisaidia ni futari ya Mwanakombo, magimbi na mihogo ya nazi jua likizama. Sisemi ni tamu. Nasema inaingia.

Mtu akinitesa napenda kujua kosa langu. Niambie sababu.

Venance


Chanika, 5 Machi 2026

Mjomba, shikamoo.

Dagaa waliojificha nimewasamehe. Pole kwa supu.

Lakini tuseme kweli, mjomba, mie sijui kama unafunga. Nataka kukuamini na siwezi, maana mtu aliyebeba ng'ombe akavuka Ruvuma anaweza kuniandikia lolote. Mama alipita bandani Jumapili, kasema mdomo wako uling'aa mafuta mpaka kidevuni. Mie nilikuwa napanga mambo ya gauni, nikaacha, nikakaa tu. Nimechoka. Kila ninapokwenda kuna mtu ananiuliza nitazaa mtoto gani bila maziwa. Padri kaniuliza kama ni nadhiri. Kamati inataka kujua ndafu ipo au haipo na mie nawajibu subirini Pasaka. Nilidhani wewe utakuwa upande wangu, sijui kwa nini nilidhani.

Kama umeshindwa, sema, tuyamalize.

Editha


Mbagala, 10 Machi 2026

Editha,

Yale mafuta yalikuwa ya nazi. Mwambie mama yako aje anuse.

Umenikosea. Sikiliza. Mie nasemaga uongo, ndiyo. Nasema uongo wa kunogesha. Watu wanakunywa supu saa kumi na mbili asubuhi, usingizi machoni, maisha yamewabana, unataka niwaambie bei ya mkaa? Nawaambia ng'ombe nilimbeba. Wanacheka, wanakwenda kazini. Lakini nitajie ahadi moja niliyokuahidi wewe nikaivunja. Niliposema nitakuja shuleni, nilikuja. Niliposema utamaliza kidato cha nne, ulimaliza. Mie mwenyewe niliishia darasa la tano, wewe sikukuacha uishie hapo.

Suruali hazinikai. Mkanda nimeutoboa tundu jingine kwa msumari wa moto. Nanusa nyama kutwa nzima, nakata nyama, nawahudumia watu nyama, na jioni nala magimbi. Na wewe unaniambia hujui kama nafunga.

Mwanakombo kaniambia kitu. Kasema, "Venance, mtoto hawezi kuacha dagaa bila kuona jambo. Umewahi kumuuliza, au unamtania tu?" Nikasema namuuliza kila siku. Kasema, "Unamuuliza huku unacheka."

Sasa nakuuliza sicheki. Umeona nini?

Mjomba


Chanika, 19 Machi 2026

Mjomba, shikamoo.

Umeuliza bila utani, nami nakujibu bila utani.

Unajua kazi yangu ni kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga. Wewe unawaonaga wakiwa wameshafika na Fransis, wamejaa kwenye maboksi, wanalia, wazuri. Wale wote ni majike, ndio wanaokuja kuwa kuku wa mayai. Umewahi kujiuliza madume wako wapi? Mie sikuwahi, mpaka Oktoba waliponitoa kwenye usafi wakaniweka meza ya kuchambua.

Wanaanguliwa sawasawa, majike na madume. Wa aina ile wanajulikana siku hiyo hiyo kwa rangi, majike wekundu, madume weupe. Dume la kuku wa mayai halitagi, na halinenepi kama kuku wa nyama, kulilisha ni hasara. Kwa hiyo unamshika mmoja mmoja. Mwekundu kwenye boksi, kulia. Mweupe kwenye gunia, kushoto. Gunia likijaa linafungwa.

Mjomba, gunia linalia. Halafu linaanza kunyamaza kutokea chini. Ukimya unapanda, unapanda, mwisho wanabaki wa juu tu. Na mie nimesimama pale pale nachambua, maana mashine inayoleta vifaranga haingoji.

Wiki ya kwanza nilitapika. Baadaye sikutapika tena, na hilo ndilo lililonitisha. Siku moja nilikuwa napiga stori na wenzangu habari za vitenge vya sendoff, nacheka kabisa, nikatazama chini nikaona mkono wangu unatupa. Wenyewe. Mie naongea, wenyewe unatupa. Jioni yake nikataka kumkaangia mama yai, nikalishika, vidole havikufunga. Likaanguka. Tangu siku ile, kitu cha mnyama kikifika mkononi mwangu nasikia lile gunia.

Sisemi nyie mna dhambi. Mbuzi wako najua unamlisha, unamnywesha, mzee Jaffar anamtajia jina la Mungu. Si sawa na gunia, naelewa. Mkono ndio hauelewi. Nimeomba kuhamishwa meza, wanasema nisubiri. Kuacha kazi siwezi, hali ya mama unaijua.

Ndiyo maana sikutaka kukulisha nyama kwa mkono huu, siku ile, mbele za watu wanaopiga vigelegele. Lakini nimeahidi. Ukimaliza nitafanya.

Sasa cheka kama unacheka.

Editha


Mbagala, 26 Machi 2026

Editha,

Sikucheka.

Fransis kaja wiki hii, kaniuliza kama kuna majibu. Kashusha maboksi yake pale duka la pembejeo, nikavuka kwenda kutazama. Sijawahi kuvuka. Wote wekundu. Nikarudi nikamnyima supu, maskini, kakaa na bakuli tupu hajui kosa lake.

Nimeanza barua hii nikaichana. Nilianza kukuandikia habari za jogoo wa Masasi aliyekuwa anaita watu kwa majina, nikaona mkono wangu wenyewe nao unaandika tu. Nikaacha.

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Acha kazi hiyo. Najua huwezi. Nimeandika tu ili ujue kuna mtu kasema.

Kwaresma naendelea nayo. Imebaki kidogo.

Mjomba


Mbagala, Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili 2026

Mpwa wangu,

Bwana amefufuka na mie nimeanguka.

Ilikuwa Ijumaa Kuu. Nimetoka kanisani, nimebusu msalaba, magoti yanauma, roho nyeupe. Napita Zakhem, kuna jamaa anachoma mishkaki kando ya barabara. Moshi ule haukupaa juu kama moshi wa kawaida. Ulinyooka, ukaja, ukanishika ukosi wa shati, ukanivuta. Nilipigana nao. Watu waliona. Mwisho nikasema mmoja tu. Nilipozinduka nimekula kumi na nne na jamaa ananiomba nimwachie vijiti, atavitumia kesho.

Kwa hiyo nimeshindwa, tena siku mbili kabla ya mwisho. Kilichoniangusha ni pilipili, bila pilipili ningepita. Lakini kushindwa ni kushindwa. Dume jeusi nimemuuza. Kamati nimewapigia mwenyewe, ndafu hakuna, meza ile wawekeni maua. Suti iko kwa dobi. Nitakuja, nitakushika mkono kuingia kanisani kama tulivyopatana.

Bandani nimeshatangaza leo asubuhi, nimesimama pale pale niliposimama siku ile. Mzee Jaffar kacheka mpaka kofia ikaingia kwenye sufuria. Wananiita Mjomba Mshikaki. Wacha waite.

Vidole vyako vipumzike.

Venance


Chanika, 8 Aprili 2026

Mjomba, shikamoo.

Ijumaa Kuu, mjomba? Baada ya barua ile?

Sijui nisemeje. Nimefurahi hakuna ndafu, na nimejichukia kwa kufurahi, na nimekukasirikia juu yake. Nilikuwa nimeshajiandaa. Nilikuwa nakwenda kwa Mama Kokushubila jioni, ananipa kipande cha nyama mbichi nakishika tu, hadi mkono utulie. Ulikuwa unaanza kutulia. Nilijiambia, kama yeye kaweza kuacha nyama huku anauza nyama, mie nitashindwaje kushika kipande kimoja kwa ajili yake?

Kumbe mwenzangu uko Zakhem unapigana na moshi, na unaniandikia kama kichekesho. Mama alisema toka mwanzo, yule ni mdomo tu. Nikambishia. Nimembishia Kwaresma nzima.

Njoo harusini kwa sababu tulipatana. Mambo ya moyoni nimekoma kukuandikia.

Editha


Mbagala, 11 Aprili 2026

Kwako mwanangu Editha,

Salamu nyingi na za heri ya harusi. Hunijui kwa sura. Mie ndiye Mwanakombo, mkaanga chapati hapa kwa mjomba wako. Barua hii nampa Fransis mkononi wakati mjomba wako kaenda mnadani, naye asijue.

Mjomba wako ni mwongo. Hilo mie na wewe hatubishani, nimekaa naye jiko moja miaka. Lakini Ijumaa ile hakula mshikaki wa mtu. Banda lilifungwa. Alipotoka kanisani alikuja kwangu, akala mihogo ya nazi, akalala kwenye mkeka mpaka magharibi, wanangu wanamruka. Jumamosi vilevile. Jumapili ya Pasaka katoka misa, kamaliza, wallahi mwanangu mtu yule kamaliza. Nikamwekea sahani ya pilau la kuku, nikamwambia fungua kinywa chako, Venance, umeshinda. Akaisukuma. "Ngoja kwanza niandike." Akakaa na kalamu mpaka Jumatatu.

Aliponisomea nikamuuliza, mbona unajisingizia? Akasema, "Nikishinda, yule mtoto atanilisha. Akisema atafanya, anafanya, kanirithi mie." Nikasema, basi si umwambie tu umemsamehe sharti. Akasema, "Atakataa. Atasema ahadi ni ahadi, atalazimisha mkono wake. Nikishindwa mie, mambo yamekwisha, hana la kulazimisha."

Juzi barua yako imefika. Kaisoma amesimama. Akaikunja akaitia mfuko wa shati, akarudi kukata nyama. Wateja wanamwita Mjomba Mshikaki, anawaitikia. Mtu anayeweza kugombana na wewe asubuhi nzima ukimwambia paja lake la mbuzi halikuiva vizuri.

Sikuandikii umpe ndafu. Usimpe. Nakuandikia ujue unayemkasirikia ni nani.

Mama yako wa Mbagala,
Mwanakombo


Mbagala, 21 Aprili 2026

Mpwa wangu, mke wa Valerian,

Marahaba kwa shikamoo zote za siku ya harusi.

Kwanza nina malalamiko. Ulipokuja kwangu na ile sahani ya mihogo ya nazi, nikafungua mdomo kwa heshima zote, ndipo ukainama ukaniambia sikioni, "Najua ulimaliza." Mtu hamwambii mtu hivyo ana muhogo kooni. Nimepaliwa mbele ya ukumbi mzima. Mshereheshaji kapaza sauti, "Jamani maji, Mjomba Mshikaki hajazoea majani." Watu wakacheka, mama yako akanipiga mgongoni kwa nguvu kuliko haja. Na macho kutoka machozi ni kwa sababu ya kupaliwa. Kwenye picha wamewahi kulichukua hilo, sijui waliwahi vipi.

Mkono wako haukutetemeka. Niliutazama.

Mwanakombo nimemkoromea. Kanikoromea na yeye. Tangu juzi chapati zangu anaziunguza.

Usidhani nimebadilika, usije ukawaambia watu mjomba kaokoka. Jumapili nimekunywa supu bakuli mbili, na siwezi kukudanganya, tamu. Chumvi imerudi mahali pake, dereva wa lori kaomba radhi. Ila mayai bandani sinunui tena. Watu wanaulizia chapati na yai, nawaambia kuku wamegoma. Hakuna anayeuliza zaidi. Na hiyo meza yako ya kuchambua, nimeongea na Fransis, kasema kuna nafasi inafunguka kwenye kufunga maboksi, nenda kaombe wiki hii hii kabla hajapewa ndugu wa mtu. Ukisita nakuja Chanika mwenyewe kukuombea, na unajua nikifika ofisi ya watu nakuwaje.

Sasa lililonifanya nikae kuandika. Wewe, mumeo, mama yako na huyo mkaanga chapati mtafunga midomo. Mtu akikuuliza, mjomba wako alishindwa. Alishindwa Ijumaa Kuu, Zakhem, kwa mshikaki. Ilikuwa kumi na nne lakini wiki hii imeshafika ishirini na moja, na mwenye jiko nilimsukuma pembeni nikachoma mwenyewe, na padri alipita akaona. Inakwenda vizuri, jana jamaa mmoja kateremka kwenye bodaboda ili asikie mwisho.

Usiniharibie.

Mjomba wako,
Venance